Kususia Bidhaa: Silaha ya Mnunuzi na Mpaka Wake

(Na mwanafunzi wa Kidato cha Nne)

Muhula huu neno moja limesemwa sana mabwenini: kususia. Bei ya mkate katika duka moja lililo karibu nasi imepanda, na baadhi ya wenzetu wanataka tukubaliane sote tusinunue kitu chochote pale mpaka bei ishuke. Wengine husema huo ni mchezo wa watoto. Mimi nimeonelea kwamba kabla ya kukubali au kukataa, yafaa tulichunguze jambo lenyewe kama tunavyochunguza somo lolote. Si jambo geni duniani, na waliolifanya kabla yetu wametuachia mafundisho mengi.

MAANA YAKE

Kususa ni kukataa kitu kwa sababu ya kutoridhika, kama mtoto anavyosusa chakula. Lakini kususia bidhaa ni zaidi ya hapo. Ni watu wengi kukubaliana wasinunue kitu fulani, au wasiingie duka fulani, ili mwenye kuuza ashushe bei au abadili mwenendo wake. Mtu mmoja akiacha kununua sukari, huyo amebana matumizi yake tu. Watu elfu wakiacha siku moja, na muuzaji akajua sababu yao, hapo ndipo pana kususia. Basi mambo matatu ni lazima yawepo: wingi wa watu, wakati mmoja, na sababu inayojulikana.

Wengi wetu hutumia neno "kuboikoti". Neno hilo asili yake ni jina la mtu. Kapteni Charles Boycott alikuwa msimamizi wa mashamba ya tajiri mmoja huko Mayo, nchi ya Ireland. Mwaka 1880 mavuno yalikuwa yamewapungukia wapangaji, nao wakaomba kodi ipunguzwe zaidi ya alivyokuwa tayari kuipunguza. Waliponyimwa, hawakumpiga wala hawakumchomea nyumba. Walikataa kumvunia, na wenye maduka wakakataa kumwuzia. Ilibidi vibarua waletwe kutoka mbali chini ya ulinzi wa askari, na gharama ya ulinzi ule ikazidi mara nyingi thamani ya mazao yaliyovunwa.

HESABU YA MUUZAJI

Watu wengi hudhani kwamba wateja wachache wakiondoka, muuzaji atashtuka mara moja. Tufanye hesabu tuone.

Tuseme mwenye duka huuza kilo 100 za sukari kwa wiki. Kila kilo ameinunua kwa shilingi 2,600, naye huiuza kwa shilingi 3,000. Faida yake ni shilingi 400 kwa kilo, yaani shilingi 40,000 kwa wiki. Sasa apandisha bei mpaka shilingi 3,400. Faida ya kilo moja imekuwa shilingi 800. Wateja wakisusa hata akauza kilo 70 tu, atapata shilingi 56,000. Amepoteza wateja 30 katika 100, na bado anapata zaidi ya zamani! Akiuza kilo 50, atapata shilingi 40,000 zilezile alizozizoea. Basi hawezi kujuta mpaka waondoke zaidi ya nusu ya wateja wake. Na sukari iliyobaki haiozi. Ataifunika vizuri na kungoja hasira ya watu ipoe.

Sasa tuseme habari ya mkate. Mwenye duka hununua mikate 100 kwa mwokaji, kila mmoja kwa shilingi 1,200, na alikuwa akiiuza kwa shilingi 1,400. Faida yake ilikuwa shilingi 20,000. Apandisha bei mpaka shilingi 1,600, akitazamia kupata shilingi 40,000. Lakini mkate haukai siku nyingi. Mikate 13 ikibaki mpaka ikaota ukungu, atakuwa ameuza 87 na kupata shilingi 139,200. Ukitoa shilingi 120,000 alizonunulia, faida ni shilingi 19,200. Amekwisha kuwa chini ya faida yake ya zamani.

Tazameni tofauti. Kwa sukari walihitajika zaidi ya watu 50 katika 100. Kwa mkate wametosha 13. Hivyo kanuni ya kwanza ni hii: kususia huuma zaidi pale kitu kinapoharibika upesi.

Kanuni ya pili yatokana na upande wa mnunuzi. Lazima aweze kukaa bila kitu hicho, au apate kingine badala yake. Mkate twaweza kuuacha tukala viazi au uji. Unga hatuwezi kuuacha. Ndiyo maana mwaka 2011, bei za vyakula zilipopanda sana, watu wa Nairobi hawakususia unga, bali waliandamana wakidai bei ishushwe. Mwaka 2017 bei ya unga ilipopanda tena, serikali ya Kenya ilitoa ruzuku hata pakiti ya kilo mbili ikauzwa kwa shilingi 90 za Kenya. Uganda nako, mwezi wa Aprili 2011, wapinzani wa serikali walitangaza kwenda kazini kwa miguu ili kulalamikia bei ya mafuta na chakula. Waliacha magari, hawakuacha kula. Mwenye njaa hawezi kupigana kwa kufunga.

MFANO WA UGANDA, 1959

Katika Afrika ya Mashariki, kususia maduka kunakokumbukwa zaidi ni kule kwa Buganda. Wakati ule Uganda ilikuwa chini ya Waingereza, na sehemu kubwa ya biashara ya maduka ilikuwa mikononi mwa Wahindi. Waafrika waliolima pamba na kahawa walikuwa na malalamiko ya siku nyingi juu ya bei na juu ya nafasi ndogo waliyoachiwa katika biashara. Juu ya hayo palikuwa na shauri la siasa, kwa kuwa wengi hawakutaka watu wachache wa mataifa mengine wawekewe viti vyao katika Baraza la Kutunga Sheria.

Mwezi wa Februari 1959 kiliundwa chama kilichoitwa Uganda National Movement, mwenyekiti wake akiwa Augustine Kamya. Mwezi wa Machi kikatangaza kwamba watu wasinunue katika maduka ya wasio Waafrika. Watu wengi waliitika, na maduka mengi ya vijijini yakakosa wateja. Mwezi wa Mei serikali ilikipiga marufuku chama hicho na kuwaondoa viongozi wake katika Buganda, lakini kususia kuliendelea hata kuingia mwaka 1960. Wenye maduka wengi wa Kihindi walifunga milango yao vijijini wakahamia mijini.

Je, walishinda? Kwa sehemu, ndiyo. Waafrika wengi walipata nafasi ya kufungua maduka. Lakini twaona kasoro tatu kubwa. Kwanza, si wote waliosusa kwa hiari. Walioonekana wakinunua walitishwa, wengine wakapigwa, mibuni yao ikakatwa na nyumba zikachomwa. Kususia kwa kulazimishwa si kususia tena. Pili, mwenye duka mpya wa kijijini alilazimika kununua mali yake kwa wauza jumla walewale wa mjini. Jina juu ya mlango lilibadilika, lakini bei ilipangwa palepale ilipokuwa ikipangwa zamani. Tatu, muuzaji alitazamwa kwa rangi yake, si kwa mizani yake. Mwenye haki na mdanganyifu waliadhibiwa sawasawa. Tena mwaka 1972 Idi Amin alipowafukuza Waasia nchini, maduka yaligawiwa watu wengine, na baadaye bidhaa zikaadimika hata sabuni na sukari zikawa taabu kupatikana. Kumwondoa mwenye duka hakuleti bidhaa dukani.

MFANO WA ALEXANDRA, 1957

Kwa umoja na subira, twende Afrika ya Kusini. Mwezi wa Januari 1957 kampuni ya mabasi iliyowachukua watu wa Alexandra kwenda kazini Johannesburg ilipandisha nauli kutoka peni nne mpaka peni tano. Peni moja ni kitu kidogo kwa tajiri, lakini kwa mfanyakazi peni ya nauli ndiyo peni ya mkate. Watu wakakataa kupanda. Maelfu walitembea kwa miguu, mwendo wa kilometa 15 hivi asubuhi na mwingine kama huo jioni, katika mvua na jua, kwa muda wa miezi mitatu. Mwishowe mpango ulifanywa ili wasafiri waendelee kulipa peni nne, na mwaka huohuo ikatungwa sheria ya kuwatoza waajiri fedha za kusaidia nauli.

Kwa nini walifaulu? Walichagua kitu kimoja tu, dai lao lilikuwa moja na lilieleweka hata kwa mtoto, na walikuwa na kitu badala ya basi, yaani miguu yao. Juu ya hayo, kiti kitupu cha basi ni kama mkate: safari ikishapita hakiuziki tena.

MFANO WA MOROKO, 2018

Sasa tufike kwenye chakula chenyewe. Tarehe 20 Aprili 2018 watu wa Moroko walianza kususia bidhaa tatu za makampuni makubwa: maziwa ya Centrale Danone, maji ya chupa ya Sidi Ali, na mafuta ya magari ya Afriquia. Hawakususia maziwa yote, bali ya kampuni moja, maana ya wengine yalikuwapo. Habari zilienea kwa simu, hapakuwa na mikutano wala maandamano. Kampuni ya maziwa ilipata hasara kubwa, hata mkuu wa Danone, Emmanuel Faber, akasafiri kutoka Ufaransa kwenda kuwasikiliza wanunuzi. Mwezi wa Septemba mwaka uleule bei ya maziwa ikapunguzwa.

Wanunuzi walishinda. Lakini wapiganapo tembo, nyasi huumia. Kampuni ilipoona maziwa hayanunuliwi, ilipunguza kwa asilimia 30 maziwa iliyokuwa ikikusanya kwa wafugaji, na wafugaji wake walikuwa kiasi cha 120,000, wengi wao wenye ng'ombe wachache tu. Vibarua mamia kadhaa nao hawakuongezewa mikataba yao. Ng'ombe hajui habari za kususia. Hukamuliwa kila siku. Hivyo kabla ya mkuu wa kampuni kuumwa mfukoni, mfugaji alikuwa amekwisha kuumwa tumboni.

Mfano huu wapasa kutuhusu sana sisi wa Njombe. Wazazi wengi hapa hufuga ng'ombe wa maziwa, na mjini Njombe kipo kiwanda cha maziwa. Ile kanuni ya kwanza tuliyoipata kwa hesabu, kwamba kususia huuma zaidi pale kitu kinapoharibika upesi, ina upande wake wa pili. Vitu vinavyoharibika upesi ndivyo vinavyotoka kwa wakulima na wafugaji: maziwa, nyanya, kabichi, matunda. Silaha iliyo kali kuliko zote ndiyo iwezayo kumkata baba yako.

MADUKA MAKUBWA NA MADUKA YETU

Katika nchi nyingi za Ulaya watu hununua chakula katika maduka makubwa yenye matawi kila mji, na kampuni chache tu ndizo hupanga bei. Ijumaa tarehe 24 Januari 2025 watu wa Kroatia walikubaliana wasinunue kitu dukani siku ile kwa sababu ya bei za vyakula. Mauzo yalishuka kwa karibu nusu kulinganisha na Ijumaa iliyotangulia, na muda mfupi baadaye serikali ikaongeza idadi ya bidhaa zilizowekewa kikomo cha bei kutoka 30 mpaka 70. Nchi jirani zao, kama vile Bosnia, Montenegro na Serbia, nazo zikafuata mfano.

Kwetu mambo ni mbali na hayo. Maduka makubwa ya namna ile hayakukita mizizi Tanzania: Shoprite waliondoka mwaka 2014, na Uchumi wakafunga mwaka 2015. Mzazi wa Uwemba hununua katika duka dogo la jirani yake, kwenye genge, au siku ya mnada. Mwenye duka huyo ni nani? Pengine ni mjomba wako. Mali yake yatoka Makambako, pale barabara ya Songea inapoachana na barabara kuu ya Mbeya na Dar es Salaam, na huko Makambako imekuja kwa lori kutoka mbali zaidi. Kila mkono iliopita umeongeza kitu juu ya bei. Tukimsusia mwenye duka wa mwisho, twapiga mkono ulio karibu, na aghalabu si huo uliochukua kikubwa. Fimbo ya mbali haiui nyoka, ni kweli. Lakini fimbo ya karibu yaweza kumpiga asiye nyoka.

Tukumbuke habari ya sukari mwanzoni mwa mwaka 2024. Mvua kubwa za El Nino zilizuia kuvuna miwa, viwanda vikapunguza kazi, na mahali pengi kilo moja ikapita shilingi 4,000. Bodi ya Sukari ikaweka bei za mwisho za rejareja kati ya shilingi 2,700 na 3,200 kwa kilo, kwa kadiri ya mkoa. Kususia kungefaa nini wakati ule? Sukari yenyewe haikuwepo ya kutosha, na muuzaji hamwogopi mnunuzi mmoja akiwa na kumi wanaongoja. Kususia hufaa pale bei inapopandishwa kwa tamaa, hakufai pale inapopanda kwa uhaba.

Wala bei ya kuandikwa tu haitoshi. Mwaka 1973 nchi yetu iliunda Tume ya Bei, ikapanga bei za vitu vingi sana. Lakini miaka ya mwanzo ya 1980 wazee wetu walipanga foleni kwa sabuni na sukari, na vitu vingi viliuzwa mlango wa nyuma kwa bei ya magendo.

SISI NI WAUZAJI PIA

Jambo moja husahauliwa katika mazungumzo yetu. Nyumba nyingi za Uwemba huuza kwanza ndipo zinunue. Huuza viazi, mahindi na maharage. Hununua sukari, mafuta ya kula, sabuni na madaftari yetu. Na katika kuuza, dhuluma inayotuumiza ni lumbesa. Mchuuzi hutaka gunia la viazi lijazwe kupita mdomo wake, kisha lishonewe kofia juu. Sheria ya vipimo hairuhusu gunia kupita kilo 100, nao Wakala wa Vipimo hukagua. Lakini mkaguzi hawezi kusimama katika kila shamba.

Mkulima mmoja akikataa lumbesa, lori huenda shamba la jirani. Hapo ndipo kususia kungetufaa zaidi kuliko kwa mkate: kijiji kizima kikubaliane kwamba hakuna gunia linalotoka bila kupimwa kwa mizani. Ni kazi ngumu, maana ile hesabu ya mkate humgeukia mkulima. Viazi vilivyochimbwa haviwezi kungoja sana, na ada ya mtoto haingoji kabisa. Ndiyo maana umoja wa namna hii hauwezi kufanywa siku lori limefika. Hufanywa kabla ya mavuno, katika chama cha ushirika chenye mizani yake na fedha kidogo ya kumsaidia mwanachama mwenye shida.

Ushirika waweza kumsaidia mnunuzi vilevile. Mwaka 1844 wafanya kazi 28 wa mji wa Rochdale, Uingereza, walichoka kuuziwa vyakula vya bei kubwa vilivyochanganywa na uchafu. Walichanga fedha kidogo kidogo, wakafungua duka lao lenye unga, siagi, sukari na mishumaa, wakauza kwa kipimo cha haki na kugawana faida kwa kadiri ya ununuzi wa kila mtu. Hao walisusia duka baya kwa kujenga jema. Haba na haba hujaza kibaba.

TUFANYE NINI JUU YA MKATE?

Maoni yangu ni haya. Tusikurupuke kumsusia mwenye duka. Kwanza viranja wawili, kwa ruhusa ya mwalimu, waende wakamwulize kwa adabu mkate anaununua kwa bei gani, na waulize bei katika maduka mengine mawili. Ikiwa mwokaji ndiye aliyepandisha, mwenye duka hana kosa, nasi tutakuwa tumemwonea jirani. Ikiwa faida imeongezeka kwake tu, tumweleze dai letu waziwazi. Asiposikia, basi tususie mkate peke yake, si chumvi wala sabuni wala salamu. Tena kwa wiki moja, kwa hiari, tukila viazi vya wazazi wetu. Mwanafunzi wa Kidato cha Kwanza akinunua mkate, asiguswe. Tukimpiga tutakuwa tumerudia kosa la Buganda, na mkate utakuwa umetugharimu zaidi ya shilingi mia mbili.

Kwa kifupi, tususie bei, tusimsusie mtu.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Taja mambo matatu yanayotofautisha kususia na kubana matumizi.

2. Mwenye duka hununua trei 100 za mayai kwa shilingi 9,000 kila moja, akaziuza kwa shilingi 10,000. Akipandisha bei mpaka shilingi 11,000, ni trei ngapi zikiharibika bila kuuzwa ndipo faida yake itakuwa chini ya ile ya zamani?

3. Kati ya vitu hivi, ni kipi ambacho ungekisusia na kipi usingekisusia: soda, chumvi, dawa ya malaria, maandazi? Toa sababu.

4. Waulize wazazi wako gunia la mwisho la viazi walilouza lilikuwa na kilo ngapi. Kama hawajui, fikiri ni nani aliyejua.